Baki ni ya Nani? Tafakuri juu ya Mahali, Kipimo na Uadilifu

Nassa ipo wapi? Swali hili ni jepesi mdomoni, zito akilini. Mvuvi wa Ghuba ya Speke atalijibu kwa kunyoosha kidole. Dereva wa barabara ya Mwanza kwenda Musoma atalijibu kwa kutaja vituo vinavyotangulia na vile vinavyofuata. Karani atataja kata, wilaya na mkoa. Mpima ardhi atatoa namba mbili, moja ya kwenda mashariki na nyingine ya kwenda kaskazini, kisha atanyamaza kana kwamba amemaliza. Majibu ni manne, mahali ni pamoja. Hakuna kati ya wanne hao aliyesema uongo, na hata hivyo maneno yao hayafanani. Basi ukweli wa mahali unakaa wapi: katika ardhi yenyewe, au katika ulimi wa anayeitaja?

Yaliyotokea Nassa mwaka 2012 yanalikoleza swali hilo. Hadi wakati huo Nassa ilihesabiwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Serikali ilipounda Mkoa wa Simiyu, wenye makao yake makuu Bariadi, Nassa ikajikuta katika Wilaya mpya ya Busega ndani ya mkoa huo mpya. Na Bariadi yenyewe ikatolewa Shinyanga. Ziwa halikusogea. Hakuna mbuyu uliong'olewa wala jiwe lililoviringishwa. Lakini mtu aliyezoea kupeleka shauri lake Mwanza alitakiwa sasa kuugeuza uso wake Bariadi. Ardhi ilitulia, anwani ikahama. Na anwani ikihama, safari za watu huhama pamoja nayo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba majina ya mahali ni maneno matupu. Ni maneno, lakini yana miguu.

Hata jina la wenyeji ni dira iliyoganda. Katika lugha ya Wasukuma na ya jirani zao Wanyamwezi, sukuma ni upande wa kaskazini, dakama ni kusini, kiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Msukuma, basi, ni mtu wa kaskazini. Kaskazini ya nani? Ya yule aliyesimama kusini akawatazama. Aliyeitwa hivyo hakujiona kuwa yuko kaskazini ya kitu chochote. Yeye alikuwa kwao, katikati ya dunia yake, kama kila mtu alivyo katikati ya dunia yake. Jina lilitoka katika jicho la mwingine, kisha likakubaliwa, likapendwa, likawa fahari. Watu wa pwani wasicheke, kwani nao wanaitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya mwambao, na pande zao za dunia wamezipa majina ya pepo: kaskazi inakovumia ni kaskazini, kusi inakovumia ni kusini. Kila umma hupima dunia kwa kile kinachoipa riziki yake.

Saa nayo ni mfano ulio wazi zaidi. Mswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, Mzungu huanza usiku wa manane. Anachokiita Mzungu saba ya asubuhi, Mswahili hukiita saa moja. Kati yao pana tofauti ya sita tu, na anayeijua huvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kupoteza hata nukta ya wakati. Lakini msomaji asidhani kwamba saa ya mkononi ndiyo jua lenyewe. Saa za Afrika Mashariki zinahesabiwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu na usioigusa ardhi ya Tanzania hata mara moja. Nassa ipo karibu na digrii 33 na robo tatu. Kila digrii ni dakika nne za mzunguko wa dunia. Kwa hiyo jua linapofika utosini mwa mtu wa Nassa, saa yake, kwa wastani, inamwambia kwamba ni saa saba kasorobo. Kwa mtu wa Unguja inasema saa sita na dakika ishirini na tatu hivi. Taifa zima linaamka, linasali, linafungua maduka na kufunga shule kwa kuhesabu kutoka mahali ambapo si pake. Na hakuna aliyedhulumiwa, kwa sababu wote wamekubaliana kuazima mwanzo mmoja, na kila mmoja anaweza, akitaka, kurudi kwenye kivuli chake mwenyewe.

Hapa ndipo penye tofauti ya kwanza inayopasa kushikwa kwa mikono miwili. Kuhamisha mwanzo wa hesabu ni jambo moja. Kubadili ukubwa wa kipimo ni jambo jingine. Anayehamisha mwanzo huongeza au hupunguza namba ileile kwa kila mtu, na anayetaka kurudi hurudi. Anayebadili kipimo hugawanya, na mwenye kugawanya mara nyingi hubakiwa na kitu mkononi. Kitu hicho ndicho kinachoitwa baki. Na swali la uadilifu wa vipimo, likivuliwa mapambo yote, ni hili: baki ni ya nani?

Tuliangalie kwanza bao, kwani ni ulimwengu mdogo uliogawanywa katika vyumba. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, nusu kwa kila mchezaji. Wasukuma nao wana mchezo wa ukoo huohuo, waliouita isolo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana nyumba, shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya ndani. Mchezo unapoanza, nyumba hiyo ina kete sita, mashimo mawili ya kuliani kwake yana kete mbili mbili, na kete 22 hubaki mkononi za kunamulia. Sasa tazama: wachezaji wameketi wakitazamana, kwa hiyo kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenzake. Wote wawili wanasema maneno yaleyale, "la tano kutoka kushoto," lakini vidole vyao vinagusa mashimo mawili tofauti, na mashimo hayo hata hayakabiliani. Je, kanuni ni moja au ni mbili? Ni moja. Na umoja wake unathibitika kwa jambo moja tu: wachezaji wakibadilishana viti, hakuna neno hata moja la kanuni litakalohitaji kubadilishwa.

Hiki ndicho kiini cha haki katika jambo lolote lenye pande mbili. Kanuni ya haki ni ile inayobaki ilivyo hata wanaoitii wakibadilishana nafasi. Ikiwa muuzaji angeikubali akiwa muuzaji na kuikataa akiwa mnunuzi, basi hiyo ni hila iliyovaa kanzu ya kanuni. Leibniz, katika barua alizobadilishana na Samuel Clarke mwaka 1715 na 1716, alishikilia kwamba mahali si chombo kilichowekwa kabla ya vitu, bali ni mpango wa vitu vinavyohusiana. Mcheza bao hahitaji kuzisoma barua hizo. Anajua kwamba shimo halina jina mpaka kuwe na mtu aliyeketi mbele yake.

Vijana wa leo wana mabao ya namna nyingine, yanayochezwa katika kioo cha kompyuta. Nchi za michezo hiyo hujengwa kwa vigae: kigae cha nyasi, kigae cha maji, kigae cha ukuta. Mtengenezaji wake hana budi kushika mizani mbili kwa wakati mmoja. Kioo huhesabu kwa nukta ndogo za mwanga; ulimwengu wa mchezo huhesabu kwa vigae. Tuseme kila kigae kina upana wa nukta 32. Askari wa mchezo akisimama kwenye nukta ya 47, mtengenezaji hugawanya kwa 32: amepata kigae kimoja kamili, na baki ni nukta 15. Akiandika daftarini kwamba askari yuko katika kigae cha kwanza na kuitupa ile 15, hajasema uongo. Lakini kesho, mchezo utakapofunguliwa tena, askari atasimama kwenye nukta ya 32. Amerudishwa nyuma hatua 15 ambazo alizitembea kwa miguu yake. Hakuna aliyemwibia, na hata hivyo ameibiwa.

Kuna mtego mwingine uliojificha zaidi, nao unafaa kutafakariwa na kila mwenye mamlaka. Nchi ya mchezo inapoenea pande zote mbili za sifuri, upande wa pili namba huwa hasi. Kompyuta nyingi, zikiamriwa kugawanya namba nzima, huitupa baki kwa kuielekea sifuri. Nukta ya 31 hugeuka kuwa kigae cha sifuri, sawa. Lakini nukta ya hasi 31 nayo hugeuka kuwa kigae cha sifuri. Matokeo yake ni kwamba kila kigae duniani kina upana wa nukta 32, isipokuwa kile cha katikati, ambacho kimejitwalia nukta 63. Jirani zake wa upande wa hasi wamesukumwa kila mmoja hatua moja. Hakuna aliyekusudia dhuluma. Kanuni ilisema tu, "unapokuwa na shaka, elekea katikati." Na katikati ikanenepa.

Mtengenezaji makini huibadili kanuni hiyo. Huamuru kwamba baki itupwe daima upande mmoja, iwe namba ni hasi au si hasi, na vigae vyote vinarudi kuwa na upana sawa. Funzo lake ni kubwa kuliko mchezo wenyewe. Si kila anayekadiria ni mdhalimu. Hakuna maisha bila kukadiria. Lakini ukadiriaji ambao kila mara humfaidi yule aliye karibu na mwanzo wa hesabu, yaani mwenye ofisi, mwenye mji mkuu, mwenye mizani, ni dhuluma hata kama hakuna mkono ulioonekana ukichukua.

Wakulima wa pamba wa Usukuma waliijua hesabu hii kabla ya kompyuta kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walilalamika kwamba mizani za wanunuzi zinawapunja. Mkulima alifika na mzigo wake mgongoni au juu ya baiskeli. Mnunuzi alisoma mshale, akataja ratili, akageuza ratili kuwa shilingi na senti. Kila hatua ilikuwa na baki yake, na kila baki ilianguka upande mmoja wa meza. Dawa waliyoitafuta ilikuwa nyepesi na yenye hekima: waweke wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani, jicho la pili mbele ya mshale uleule. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Umoja mkubwa wa wakulima ulipata nguvu zake, kwa sehemu, katika ratili chache zilizokuwa zikipotea kati ya mshale na daftari.

Jambo hilo halijaisha. Katika masoko ya mazao Tanzania bado linasikika neno lumbesa, gunia lililojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba na kufungwa kwa kamba. Bei ni ya gunia moja. Mzigo ni wa gunia na zaidi. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umekuwa ukiupiga vita mtindo huo, lakini kilemba hakikati tamaa. Na lumbesa ni nini, ila ni ubadilishaji wa vipimo ambao mtu mmoja amekataa kuutaja? Mkulima anahesabu magunia, mchuuzi anahesabu kilo atakazopima mjini. Faida iko katikati ya hesabu hizo mbili, na inamwendea yule anayeweza kuhesabu kwa zote. Si ajabu kwamba Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wale wanaopunja vipimo. Mtu anayeiba kwa nguvu huogopwa na kukimbiwa. Anayeiba kwa kipimo husalimiwa kila asubuhi.

Ardhi nayo ina hatari zake. Ramani nyingi za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa upimaji ujulikanao kama Arc 1960. Vifaa vya leo vinavyosoma setilaiti hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba zinafanana kwa sura, kwa urefu na kwa heshima. Lakini mtu akichukua namba za mpaka wa shamba kutoka mfumo mmoja akazitafuta ardhini kwa mfumo wa pili, katika nchi ya Nassa atajikuta amesimama takriban mita mia tatu kutoka mahali palipokusudiwa. Mita mia tatu ni shamba zima la mtu, pamoja na makaburi ya wazee wake. Tena wote wawili, mwenye ramani na mwenye kifaa, wanaweza kuapa kwa dhati kwamba hawakubadili hata tarakimu moja. Ni kweli, hawakubadili tarakimu. Walisahau kusema tarakimu zinahesabiwa kutoka wapi. Namba isiyotaja mwanzo wake ni kama barua isiyo na sahihi.

Lakini wapima ardhi hao hao wana desturi moja nzuri. Katika gridi wanayoitumia kwa sehemu hiyo ya nchi, mstari wa kati ni longitudo ya digrii 33, unaopita karibu na jiji la Mwanza, na mstari wa msingi ni ikweta. Kwa hesabu ya kawaida, kila aliye magharibi ya mstari wa kati na kila aliye kusini ya ikweta angepata namba hasi. Kuepusha jambo hilo, mstari wa kati hupewa namba 500,000 badala ya sifuri, na kwa nchi za kusini ikweta hupewa 10,000,000. Kwa hiyo Nassa, iliyo kusini ya ikweta kwa kilomita mia mbili na sitini hivi, husomwa karibu 9,740,000. Mwanzo huo ni wa kubuni, na kila mtaalamu anajua kwamba ni wa kubuni. Wamekubaliana kuusogeza mbali kiasi kwamba asiwepo mkazi yeyote atakayehesabiwa kuwa chini ya sifuri. Hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa kilichoongezwa kimeandikwa. Ubunifu uliotangazwa ni utaratibu. Ubunifu uliofichwa ni ulaghai.

Atasema mtu: ikiwa kila kipimo kina mwanzo wa kuazima, na kila jina limetoka katika jicho la fulani, basi hakuna ukweli wa mahali, kila mtu na lake. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini haisimami. Aliyeko Unguja akielekea Kibla hugeukia karibu kaskazini halisi. Aliyeko Nassa akifanya hivyo hana budi kuinamia kidogo mashariki. Ukiandika pande hizo mbili kwenye karatasi zitaonekana kupingana. Ukizifuata juu ya uso wa dunia zitakutana Makka. Al-Biruni, mtaalamu wa karne ya 11, aliandika kitabu kizima kuhusu namna ya kupima mahali pa miji, na shida iliyomsukuma ilikuwa hiyohiyo: kujua uso uelekezwe wapi. Kutofautiana kwa namba hakuondoi ukweli. Ukweli ni kile kinachobaki baada ya namba zote kubadilishwa kwa uaminifu: umbali kati ya visima viwili, uzito wa pamba, jasho la aliyeichuma.

Washairi wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili, kwa kuwa lugha imewapa neno mizani kwa maana mbili. Mizani hupima pamba, na mizani hupima mshororo. Mtunzi wa shairi la mizani kumi na sita, nane kwa nane, hukutana na baki kila siku. Maana inataka kusema "aliyekuja," nayo ni silabi tano. Nafasi ni ya nne. Hufanya inkisari, akaandika "alokuja." Mahali pengine silabi zimepungua, akafanya mazida, "afya" ikawa "afiya." Kwa nini uhuru huo haukuitwa wizi? Kwa sababu kilichokatwa kinajulikana na msikilizaji, naye anaweza kukirudisha. Silabi imepungua, maana imerudi nzima. Mtunzi anayekata mpaka maana ikatoka damu huyo hasifiwi, hata kama vina vyake vinalia kama kengele.

Kutokana na hayo yote, uadilifu wa mwenye kupima unaweza kusemwa kwa mambo matatu. La kwanza, autaje mwanzo wake: anahesabu kutoka wapi, kwa macho ya nani. La pili, aitunze baki: aiandike, airudishe kwa mwenyewe, na isipowezekana kurudishwa, asiruhusu kila mara iangukie mfuko mmoja. La tatu, ajaribu safari ya kurudi: aligeuze jibu lake katika kipimo cha kwanza mbele ya yule aliyekuja nacho, na amwulize kama bado anaitambua mali yake. Jaribio hili la tatu ndilo gumu, kwani linataka mwenye daftari akubali kuangaliwa na mwenye mzigo.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema hivyo kumtia moyo mwenye kidogo, naye anastahili kutiwa moyo. Lakini methali hiyo ni kweli kwa pande zote mbili za meza, na mkulima aliyerudi Nassa na senti zisizolingana na mgongo wake aliijua kwa upande wa pili. Kibaba cha mmoja kinapojaa haba kwa haba, ni vyema aulizwe kwa upole haba hizo zimepungua kwa nani.